Profesa Koch, papasi na homa zilizowashinda madaktari

Ukitoka Kariakoo kwa miguu, ukakata viwanja vya Mnazi Mmoja, ukapita katikati ya mji mpaka harufu ya bahari ikakufikia, utakutana na majengo ya zamani ya hospitali ya Ocean Road. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaijua kwa jambo moja tu, nalo ni saratani, kwani hapo ndipo ilipo taasisi ya kutibu maradhi hayo. Wajerumani walipoijenga hospitali ile miaka ya 1890 haikuwa ya mimi na wewe, ndugu msomaji. Ilikuwa ya Wazungu. Mwafrika na Mhindi walitibiwa katika hospitali yao, ile iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Kikhoja aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851 na kufariki dunia mwaka 1897. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo mama wa Muhimbili ya leo. Habari za Sewa Haji zinastahili makala yake peke yake na sitaziingiza hapa kwa haraka.

Leo nataka nimzungumze daktari mmoja wa Kijerumani ambaye alifanya kazi Ocean Road, mtu ambaye jina lake linafundishwa katika vyuo vya udaktari dunia nzima lakini hapa mjini kwetu, alipoishi na kuchungulia damu za watu wetu, hata kijiwe cha kahawa hakimjui. Huyu ni Robert Koch.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa mtu wa migodini. Alisoma udaktari Göttingen na akamaliza mwaka 1866, kisha akahangaika huku na huko kutafuta riziki kama daktari yeyote kijana, mpaka mwaka 1872 alipopata kazi ya uganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hapo hakuwa na maabara wala profesa wa kumwongoza. Alikuwa na wagonjwa wake, darubini, na chumba cha kutibia alichokitenga kwa pazia ili upande wa pili afanye utafiti wake. Wakulima wa pale ng'ombe na kondoo wao walikuwa wakifa kwa kimeta. Koch akamfuatilia mdudu wa kimeta hatua kwa hatua, akamlisha, akamwotesha, akamwona anavyojifunika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi akimsubiri mnyama. Mwaka 1876 aliyaonyesha hayo mbele ya wakubwa wa elimu na kuanzia hapo hakuwa tena daktari wa kijijini.

Yaliyofuata yanajulikana, nitayapita upesi. Tarehe 24 Machi 1882 mjini Berlin alitangaza kuwa amemwona mdudu wa kifua kikuu, maradhi ambayo wakati ule yalikuwa yakiua watu Ulaya kama sisimizi na wengi wakidhani ni ya kurithi. Mwaka 1883 alikwenda Misri kufuatilia kipindupindu, kisha India, na huko Calcutta mwaka 1884 akakamilisha kazi hiyo. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu aliyoiita tuberkulini. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila pembe, na dawa haikuwaponya. Wengine ilizidisha hali zao. Ilikuwa fedheha kubwa. Jambo hilo nalitaja kwa makusudi kwa kuwa tutalikuta tena mbele, safari hii likiwafika watu wa kwetu.

Koch alifika Dar es Salaam mwaka 1897. Alikuwa ametoka Afrika Kusini kushughulikia sotoka, akaenda India kwa ajili ya tauni, na kutoka huko serikali yake ikamtuma aje kwenye koloni lake la Afrika Mashariki. Alikuwa na umri wa miaka 53. Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa mji mdogo sana. Kariakoo haikuwapo, jina lile lilikuja baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916 na kuweka pale kambi ya wapagazi wao wa vita, Carrier Corps, na midomo ya watu wetu ikalifinyanga jina lile likawa Kariakoo. Mwaka 1897 sehemu hizo zilikuwa mashamba ya minazi na vibanda.

Wazungu wa mji huo walikuwa wanakufa kwa homa. Sasa tatizo la daktari wa wakati ule lilikuwa hili: kila homa iliitwa malaria. Mtu akitetemeka ni malaria, akitapika ni malaria, akichanganyikiwa ni malaria, na dawa ni kwinini. Koch aliona hii si tiba bali ni kubahatisha. Akaanza kumtoa kila mgonjwa damu, asubuhi na jioni, akaitazama kwenye darubini, akaandika joto la mwili saa hadi saa. Akawagawa wagonjwa. Huyu ana vimelea vya malaria kali ya nchi za joto, huyu ana aina nyingine, na huyu hana kitu, homa yake inatoka pengine. Nionavyo mimi, hii ndiyo kazi yake kubwa zaidi hapa mjini, kwa sababu aliwalazimisha madaktari wenzake watazame kwanza ndipo watibu.

Kulikuwa na ugonjwa mmoja uliowatisha Wazungu kuliko wote, ugonjwa wa mkojo mweusi. Mgonjwa aliyekwishaugua malaria mara nyingi anapatwa na homa ya ghafla, macho yanageuka manjano, na mkojo unatoka mweusi kama kahawa ya buli. Wengi hawakupona. Madaktari waliona ni malaria iliyozidi ukali, kwa hiyo wakazidisha kwinini. Koch akawapima wagonjwa wa namna hiyo na wengi wao hakuwakuta na kimelea hata kimoja. Akatoa kauli iliyowaudhi wengi, kwamba chanzo ni hiyo hiyo kwinini, dawa yenyewe ndiyo inayozivunja chembe za damu. Ubishi ukawaka Ulaya kwa miaka mingi. Leo tunajua kuwa alishika nusu ya ukweli. Ugonjwa ule huwapata hasa watu wenye malaria ya kurudiarudia wanaomeza kwinini bila mpangilio, leo wameza, kesho waacha, na kuna wengine ambao maumbile ya damu yao tangu kuzaliwa hayastahimili dawa za aina fulani. Lakini kuthubutu kuinyooshea kidole dawa inayotegemewa na wote si jambo dogo, hata leo.

Mwaka huo huo vililetwa vielelezo kutoka Kiziba, upande wa Bukoba, kulikokuwa na maradhi ya mitoki yakiua watu. Waganda waliyaita kaumpuli. Koch akayachunguza na kuthibitisha kuwa ni tauni ile ile aliyotoka kuiona India. Maana yake ni kwamba tauni haikuja na meli peke yake, ilikuwa na maskani yake katikati ya bara letu.

Kuna habari moja ya safari hiyo ambayo kila nikiikumbuka huwa natabasamu. Koch alipanda milima ya Usambara. Watu wa milimani wakamweleza kuwa kwao juu hawaugui homa ila wanaposhuka tambarare, na kwamba huko chini wanaumwa na wadudu waitwao mbu, na ugonjwa wenyewe nao wanauita mbu. Mdudu na maradhi, jina moja. Zingatia tarehe, msomaji. Ronald Ross, daktari Mwingereza, alikuwa wakati ule ule yuko India anapasua matumbo ya mbu, na mwaka 1902 akapewa tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kuwa mbu ndiye anayebeba malaria. Wasambaa hawakuwa na darubini, ila walikuwa wameshaunganisha. Koch, na hili ni la kumsifu, aliisikiliza habari hiyo na kuiandika katika kitabu chake alichokichapisha mwaka 1898. Wazungu wengine wangeiita ushirikina wa wenyeji na kuendelea na safari.

Aliporudi kwao njia yake ya kupambana na malaria ilitumwa tena hapa. Kuanzia mwaka 1901 Dk. Ollwig aliitumia Dar es Salaam: watu wa mjini wapimwe damu nyumba kwa nyumba, atakayekutwa na vimelea apewe kwinini hata kama hajisikii kuumwa, ili mbu wasipate pa kuchukua ugonjwa. Ni wazo lenye mantiki. Lakini hebu fikiria mzee wa watu amekaa barazani kwake, mzima wa afya, anafuatwa na askari na karani na sindano ya kumchoma kidole, ameze dawa chungu kwa maradhi asiyoyaona. Watu wakawa wanahama, wanajificha, wageni wanaingia mjini kila siku na misafara. Malaria haikutoka Dar es Salaam.

Sasa nije kwenye papasi, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Koch alirudi Afrika Mashariki mwaka 1905. Mwaka huo ndipo reli ya kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam, na ndio mwaka ambao vita vya Majimaji vililipuka. Kabla ya reli, kila kitu kilikwenda bara kichwani mwa mpagazi. Wanyamwezi, Wamanyema, Wazaramo na watu wa mwambao walikuwa wakitembea miezi, na njiani kulikuwa na mabanda ya kulala misafara. Wazungu waliolala kwenye mabanda hayo walikuwa wakiugua homa ya ajabu. Inapanda ghafla siku tatu au nne, kichwa kinapasuka, viungo vinauma, kisha inakatika kabisa. Mgonjwa anashukuru, anaendelea na safari. Baada ya wiki moja hivi inarudi. Inakatika tena, inarudi tena. Kwinini haiisaidii kitu. Ni rahisi mno kuiita malaria, na waliiita malaria.

Wapagazi walijua. Katika lugha yetu yupo kupe na yupo papasi, na mswahili havichanganyi viwili hivi. Kupe anang'ang'ania ngozi mpaka umng'oe. Papasi anakaa kwenye vumbi la sakafu ya udongo na katika nyufa za kuta. Usiku anatoka, anamnyonya aliyelala kwa muda mfupi, kisha anarudi vumbini kabla hakujapambazuka. Asubuhi mgonjwa hana mdudu mwilini. Daktari Mzungu anamkagua na haoni kitu, kwa hiyo haulizi. Lakini ukimuuliza mpagazi atakuambia banda lile usilale, lina papasi, utaugua.

Koch akafuata njia za misafara kutoka pwani kwenda bara, banda kwa banda, akichimbua vumbi mahali pakavu ambapo mvua haifiki na kuwakusanya papasi. Akawapasua na kuwatazama kwenye darubini. Ndani yao akawaona bakteria wembamba waliojisokota kama msumari wa parafujo, wale wale aliowaona kwenye damu ya wagonjwa. Akaenda hatua ya mbele zaidi, akapasua mayai ya papasi jike. Bakteria walikuwamo ndani ya mayai. Yaani papasi anawarithisha watoto wake ugonjwa, na banda likishaingiwa linabaki na sumu hiyo kizazi hadi kizazi hata kama hakupita mgonjwa. Aliona pia kuwa wenyeji wa njia hizo, waliokwishaumwa utotoni, hawaugui sana, ila mgeni ndiye anayeangushwa. Ushauri wake kwa wasafiri ulikuwa rahisi: pigeni hema mbali kidogo na mabanda ya zamani.

Haki ielezwe kamili. Hakuwa peke yake. Ross mwingine, siye yule wa mbu, pamoja na Milne walikuwa wameshauhusisha ugonjwa huo na papasi huko Uganda mwaka 1904. Huko Kongo, Dutton na mwenzake Todd walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo, na Dutton aliambukizwa na ugonjwa huo huo akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa bado kijana. Kasongo ni mji wa Wamanyema na Kiswahili, na wapo watu Kariakoo ambao asili ya babu zao ni huko, walikuja na misafara hiyo hiyo. Bakteria wa homa ya papasi leo anaitwa kwa jina la Dutton. Desemba 1905 Koch naye alipewa tuzo ya Nobel, lakini kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Nisije nikaonekana nasimulia mambo ya kale yasiyo na faida. Homa ya papasi ipo. Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari wameiandika kwa miaka mingi, na inawaumiza zaidi wajawazito na watoto wachanga, ambao huzaliwa kabla ya wakati au kufa. Mtaani kwetu hapa Kariakoo yupo jirani yangu mfanyabiashara wa nafaka ambaye miaka kadhaa iliyopita alirudi kutoka Dodoma akiwa na homa. Alikwenda zahanati moja, sitaitaja, akapimwa kwa kile kipimo cha haraka cha tone moja la damu, hakikuonyesha kitu, akapewa dawa mseto ya malaria hata hivyo. Akapata nafuu, akamsifu daktari. Baada ya siku tisa akaanguka tena. Dawa ile ile. Mara ya tatu ndipo alipokutana na mzee mmoja mtaalamu wa maabara, wa ile shule ya zamani, aliyemuuliza alilala wapi safarini. Kulala kwenyewe kulikuwa kwenye ghala la udongo juu ya magunia. Mzee akapaka damu kwenye kioo, akaiweka chini ya darubini, akamwita kijana wake aje aone. Vidonge vya doksisaiklini, ambavyo havina bei ya kutisha, vikaimaliza homa ile.

Sina ugomvi na vipimo vya haraka. Vimeokoa watu wengi vijijini ambako hakuna umeme wala darubini. Ila kipimo kile kimetengenezwa kujibu swali moja tu, kuna malaria au hakuna. Hakiwezi kumwona papasi. Darubini hujibu hata swali ambalo hukuliuliza, mradi jicho lililo juu yake liwe limefundishwa na halina haraka. Sasa tukizifungia darubini kabatini na kuwaacha wenye macho hayo wastaafu bila kurithisha, nani atamwona bakteria wa Dutton? Tutakuwa tumerudi mwaka 1896, kila homa malaria, tofauti ni kwamba dawa imebadilika jina.

Nimemsifu Koch, sasa nimalize upande wa pili, kwani ukubwa wa mtu hauondoi hesabu yake.

Mwaka 1906 alikuja mara ya mwisho, akiongoza msafara wa kutafuta dawa ya malale. Ugonjwa huo unaoenezwa na mbung'o ulikuwa ukiteketeza watu kando ya Ziwa Victoria. Inakadiriwa kuwa Uganda peke yake ilipoteza watu robo milioni katika miaka ya mwanzo ya karne ile. Koch alipitia Amani na Mwanza, kisha akapiga kambi visiwa vya Sese, upande wa Uganda, kwa kibali cha Waingereza. Wagonjwa wakamfuata kwa mamia, wengine wamebebwa kwenye machela, wengine usingizi umeshawazidi hawawezi kula.

Dawa aliyokuwa nayo iliitwa atoksili, na ndani yake mna aseniki, sumu. Mwanzoni ilionekana kama muujiza. Vimelea vikapotea kwenye damu, waliolala wakaamka, wakatembea. Kisha vimelea vikarudi. Koch akaongeza kipimo. Akaongeza tena. Ndipo wagonjwa wakaanza kulalamika kuwa hawaoni vizuri, na zaidi ya 20 kati yao wakapofuka kabisa, upofu usiorudi. Mshipa wa jicho ulikuwa umeuawa na dawa.

Watetezi wake wanasema kuwa malale bila dawa ni kifo cha hakika, na aliye kipofu yu hai. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Lakini najiuliza kama kipimo kile kingeongezwa kwa haraka vile wagonjwa wangekuwa wamelala Berlin, tena baada ya somo la tuberkulini la mwaka 1890. Watu wale wa Sese hawakuulizwa, na majina yao hayapo katika tuzo yoyote. Pamoja na dawa, Koch alipendekeza pia wagonjwa watengwe kwenye kambi maalumu, na serikali ya Kijerumani ikazijenga huku kwetu. Visiwa vya Sese vyenyewe baadaye vilihamishwa watu kwa amri ya Waingereza.

Atoksili iliachwa, lakini aseniki haikutoka katika tiba ya malale. Kwa miongo mingi wagonjwa waliofikiwa ubongoni walitibiwa kwa sindano ya melasoprolo, nayo ni ya aseniki, inayochoma mshipa kama moto na kuua takriban mmoja kati ya kila 20 wanaodungwa. Kwa malale ya upande wetu wa Afrika Mashariki, ambayo ndiyo makali zaidi, vidonge visivyo na aseniki, fexinidazole, vilipata idhini ya wataalamu wa dawa wa Ulaya mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya majaribio yaliyofanywa Malawi na Uganda. Hesabu miaka tangu Sese.

Koch aliondoka Sese mwaka 1907 na hakurudi tena Afrika. Moyo ulikuwa unamsumbua. Alikufa tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden akiwa na umri wa miaka 66, na majivu yake yakawekwa ndani ya taasisi yake mjini Berlin. Msaidizi wake, Kleine, ndiye aliyebaki ziwani. Mwaka 1909 alionyesha kuwa kimelea cha malale hukua kwanza ndani ya mbung'o kwa siku kadhaa kabla hajaweza kumwambukiza mtu, jambo ambalo mwalimu wake alilitafuta safari zote na hakuliona.